Vipimo Vyote Safi, Mwili Wote Unauma

Karatasi zangu za maabara zimejaza bahasha nzima ya kaki. Damu safi, sukari safi, figo na ini safi, homoni za thairoidi safi, kipimo cha uvimbe mwilini safi, eksirei ya kiuno safi. Kila daktari aliyezipitia alinipongeza, akaniandikia diklofenaki na kunishauri nipunguze mawazo. Mmoja, nadhani aliona vibaya niondoke mikono mitupu, alinipa dozi ya taifodi. Wakati huo nilikuwa siwezi kuinua mkono kuandika juu ya ubao bila kuuma meno, na kufunga sidiria kulinitoa machozi.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, sekondari, mkoani Morogoro. Jina la ugonjwa nilikuja kulipata kwa bingwa wa magonjwa ya viungo aliyeniuliza habari za usingizi kabla hajauliza wapi panauma. Alinibonyezabonyeza mabega, viwiko, nyonga na magoti, akasoma bahasha yangu yote, kisha akasema: "Mwalimu, hii ni fibromialjia. Hizi karatasi hazijakosea, ila zimepima vitu vingine." Nikarudi kwenye vitabu. Nilitaka kujua maumivu hutengenezwaje, na inakuwaje mwili usio na jeraha uume kama uliopigwa.

Kwa asiyeujua, ugonjwa wenyewe uko hivi. Maumivu yameenea kulia na kushoto, juu ya kiuno na chini yake, kwa miezi mitatu au zaidi. Yanahamahama: leo mabega, kesho nyayo. Unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Kichwa kinagoma, unasimama mbele ya kidato cha tatu na neno "osmosisi" liko mdomoni halitoki. Tumbo linasumbua, mwanga mkali unakera, moshi wa daladala unakufanya utake kushuka kabla ya kituo chako. Inakadiriwa kuwa watu 2 hadi 4 katika kila 100 wanao, wanawake wengi kuliko wanaume. Kwa shule yenye walimu na wanafunzi elfu moja, hata ukipunguza kwa sababu watoto hawapati sana, si ugonjwa wa kuuita adimu.

Kilichonipa hamu ya kuchimba zaidi ni mkanda wa presha. Muuguzi alinifunga mkanda mkononi, akawasha mashine, na ulipoanza kujaa upepo nikapiga yowe na kuuvuta mkono. "Jamani mwalimu, hata sindano sijachoma!" akasema huku anacheka. Mzee aliyenitangulia alikuwa amefungwa mkanda uleule, akabanwa vilevile, naye muda wote alikuwa anaongea na simu kuhusu bei ya mahindi. Kumbe tukio hilo linafahamika kitaalamu: wagonjwa wengi wa fibromialjia husikia maumivu ya kweli pale mkanda wa presha unapobana, na wapo madaktari wanaolichukulia kuwa dalili ya kuwafanya waulize zaidi.

Sasa tofauti kati yangu na yule mzee iko wapi? Watafiti wa Marekani, Richard Gracely na Daniel Clauw wakiwamo, walilipeleka swali la namna hiyo ndani ya mashine ya MRI, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Walichukua wagonjwa 16 na watu 16 wazima wa afya, wakawabonyeza ukucha wa kidole gumba kwa kifaa ambacho nguvu yake inapimika, huku mashine ikitazama damu inaelekea sehemu zipi za ubongo. Kwa nguvu ileile ndogo, sehemu nyingi za ubongo zinazoshughulika na maumivu ziliamka kwa wagonjwa, na kwa wazima karibu zote zilikaa kimya. Ili wazima nao waseme "hapa panauma sana" na ubongo wao uonyeshe picha inayofanana, ilibidi wabonyezwe kwa nguvu karibu maradufu. Mtu anaweza kuigiza sura ya maumivu. Kuigiza mtiririko wa damu ndani ya ubongo wake mwenyewe ni kazi nyingine.

Picha za ubongo zinaonyesha mwisho wa safari, kwa hiyo turudi inakoanzia. Kwenye ngozi na misuli kuna ncha za nyuzi nyembamba za neva zinazopokea habari za hatari: joto kali, mbano, kemikali za jeraha. Nyuzi zenye ganda jembamba la mafuta hupeleka habari kwa kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Zisizo na ganda hujikokota kwa mita moja hivi. Ndiyo maana ukijikwaa kidole unasikia mchomo wa haraka, halafu baada ya kitambo lile umivu zito la kukufanya ukae chini. Nyuzi hizo zote huingia nyuma ya uti wa mgongo, na hapo hukabidhi ujumbe kwa neva ya pili inayopanda ubongoni.

Mtaala wetu unaipita sehemu hiyo haraka mno, wakati ndipo penye mambo. Kila ujumbe unaoingia kwenye uti wa mgongo hupimwa kwanza. Watafiti Melzack na Wall walipendekeza mwaka 1965 kwamba pale pana namna ya lango, na ingawa maelezo yao yamerekebishwa sana tangu hapo, wazo la msingi limebaki: uti wa mgongo unaweza kuongeza au kupunguza maumivu kabla hayajafika juu. Kemikali kama glutamati na dutu P huyasukuma mbele. Kutoka shina la ubongo zinashuka neva nyingine zinazotumia serotonini na noradrenalini, na kazi yao kubwa ni kuyatuliza.

Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf, akifanya kazi London, alionyesha kwa panya kwamba baada ya jeraha neva za ndani ya uti wa mgongo zenyewe hubadilika. Zinakuwa nyepesi kushtuka. Mguso ambao zamani ulikuwa wa kawaida sasa unazifyatua, na eneo linalouma linatanuka hadi mahali ambapo hapakuguswa kabisa. Kwa mtu wa kawaida hali hiyo hupoa jeraha linapopona. Kwa mwenye fibromialjia mfumo mkuu wa neva umebaki katika hali hiyo, bila jeraha la kuonyesha.

Wanafunzi wanaponiuliza, nawapeleka harusini. Mshereheshaji anaongea kwa sauti ya kawaida, lakini fundi mitambo amefungulia amplifaya mpaka mwisho. Mtu akikohoa karibu na maiki, ukumbi mzima unaziba masikio, na mara spika zinaanza kupiga mluzi zenyewe hata pasipo mtu anayeongea. Ukimpeleka mshereheshaji hospitali akapimwe koo, utaambiwa koo ni safi, na majibu hayo ni ya kweli.

Mambo haya yamepimwa. Katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, watafiti wa Norwei mwaka 1988, na baadaye Wamarekani mwaka 1994, walikuta dutu P imezidi sana. Kwa hao wa pili ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya watu wasio wagonjwa. Glutamati imeonekana kuzidi katika insula, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hisia za mwili. Upande wa kutuliza nao umelegea. Mtu asiye mgonjwa akitumbukiza mkono kwenye maji ya barafu, maumivu ya sehemu nyingine ya mwili hupungua kwa muda, kwa sababu ubongo umetuma amri ya kuyapunguza. Kwa wengi wetu amri hiyo haifiki, au inafika dhaifu. Na ukimgonga mgonjwa kidogokidogo mahali pamoja, kila baada ya sekunde mbili hivi, kila pigo linauma kuliko lililopita ijapokuwa nguvu haikuongezeka. Kwa mtu asiye mgonjwa hali hiyo huonekana pia, ila kwetu hupanda haraka na huchelewa kushuka. Nikisoma hilo naelewa kwa nini kufua kwa mkono kunanimaliza na kubeba ndoo moja hakunimalizi. Kufua ni pigo dogo lilelile mara mia.

Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha jambo ambalo ningependa kila mtoa dawa alijue. Vipokezi vya ubongo vinavyoshikwa na dawa za jamii ya mofini vilionekana kuwa vichache kwa wagonjwa wa fibromialjia, pengine kwa sababu mwili tayari unavijaza kwa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Hivyo mgonjwa anameza dawa kali, haipati pa kushika vya kutosha, analalamika haijasaidia, na mtu wa dirishani anamtazama kama mlevi.

Historia ya jina sitaikalia sana. Mwaka 1904 daktari William Gowers wa London alitumia neno "fibrositi" akiamini kuna uvimbe kwenye nyuzi za misuli. Uvimbe ukatafutwa kwa miongo bila kuonekana, na katika miaka ya 1970 jina likabadilishwa kuwa fibromialjia, yaani maumivu tu, pasipo madai ya uvimbe. Mwaka 1990 chama cha mabingwa wa viungo cha Marekani kiliweka sehemu 18 za kubonyezwa kwa nguvu ya kilo 4. Zikiuma 11, pamoja na maumivu yaliyoenea, umepita. Wanaume wengi walishindwa mtihani huo kwa sababu hawaumi kwa kubonyezwa kirahisi kama wanawake, na ugonjwa ukaonekana wa kina mama peke yao. Tangu mwaka 2010 vigezo vinauliza maeneo yanayouma, uchovu, usingizi na kumbukumbu, na pengo kati ya jinsia limepungua. Maneno "ni mambo ya wanawake hayo" yana deni kwa kipimo kile.

Nini huanzisha? Kwanza ukoo. Utafiti wa familia uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliona kuwa ndugu wa damu wa karibu wa wagonjwa walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 8 wa kuwa na fibromialjia, wakilinganishwa na ndugu wa wagonjwa wa baridi yabisi ya rumatoidi. Hakuna jeni moja la kulaumiwa. Ni mchango mdogomdogo wa jeni nyingi, nyingine zikihusika na namna mwili unavyotumia serotonini na noradrenalini. Mama yangu miguu imekuwa ikimwaka moto usiku tangu nikiwa mdogo, na bibi alikuwa hapendi kushikwa mabega. Mama mwenyewe ana maelezo yake: "Mwanangu, baridi imekuingia mifupani, hukunisikia ulipokuwa unalala chini." Shangazi anaamini kuna mtu ofisini hanipendi. Sijabishana na yeyote kati yao, maana mama ananikanda vizuri na shangazi ananiombea.

Juu ya ukoo huja kitu cha kuwasha. Ajali, upasuaji, ugonjwa wa viungo uliodumu kama rumatoidi au lupasi, kipindi cha mateso ya maisha, au maambukizi. Kwa upande wetu wa dunia ningependa madaktari waikumbuke chikungunya, homa ya virusi vinavyoenezwa na mbu. Iliwahi kuwakumba watu wengi sana Lamu mwaka 2004, na Mombasa kati ya 2017 na 2018. Wengi hupona homa kwa wiki, lakini wako wanaobaki na maumivu kwa miezi, hata miaka, na baadhi yao hali yao ya mwisho haitofautiani na fibromialjia. Virusi vimeondoka, neva zimebaki zimewashwa.

Usingizi nao. Mwaka 1975 Harvey Moldofsky na wenzake huko Toronto waliwachukua vijana wenye afya, wakawa wanawavuruga kwa kelele kila walipozama kwenye usingizi mzito, bila kuwaamsha kabisa. Baada ya siku chache vijana hao walianza kuumwa misuli na kuwa wepesi kuumia wakibonyezwa, na walipoachwa walale, hali ikarudi. Jaribio lilikuwa dogo, lakini tafiti zilizofuata zimeendelea kuonyesha kwamba usingizi mbovu leo hutabiri maumivu ya kesho kuliko maumivu ya leo yanavyotabiri usingizi wa kesho. Katika usingizi mzito ndipo homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi na misuli hufanyiwa ukarabati, na neva zile za kutuliza hutegemea kupumzika huko. Nikimkumbuka bingwa wangu na swali lake la kwanza, namwelewa.

Sasa "mawazo". Neno hili limenichosha, kwa kuwa hutumika kufunga mazungumzo. Lakini siwezi kulikataa lote. Msongo wa muda mrefu huvuruga mpangilio wa kortisoli, homoni inayopaswa kupanda alfajiri na kushuka usiku. Kwa baadhi ya wagonjwa mstari huo umekuwa bapa. Mfumo wa neva unaoendesha mapigo ya moyo na jasho unakaa kwenye tahadhari hata mtu amelala. Waliopitia mateso utotoni wapo kwa wingi zaidi miongoni mwa wagonjwa. Yote hayo ni biolojia: tezi, homoni, neva. Daktari anayesema "ni mawazo" kisha akaita mgonjwa anayefuata amelitaja jambo la kweli na hajalitibu. Zaidi ya hapo, wapo wagonjwa wengi wasio na sonona wala historia ya mateso, na kuwasukumia sababu hiyo kwa nguvu ni kuwatungia maisha.

Hadi hapa ungedhani kesi imekwisha, kosa ni la uti wa mgongo na ubongo. Mwaka 2013 maabara mbili, moja Marekani na nyingine Ujerumani, zilivuruga picha hiyo. Walikata vipande vidogo vya ngozi ya mguu, upana wa milimita chache, wakahesabu nyuzi nyembamba za neva kwa hadubini. Kwa sehemu kubwa ya wagonjwa, na tafiti zilizofuata zinakaribia nusu, nyuzi zilikuwa pungufu. Kwa hiyo kwa baadhi yetu pembeni nako kuna hitilafu, na eksirei wala kipimo cha damu haviwezi kuiona.

Halafu ikaja ya mwaka 2021, ambayo kwangu ndiyo ya kusisimua kuliko zote. Kikundi cha Liverpool, King's College London na chuo cha Karolinska cha Sweden kilichukua kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, kutoka damu ya wagonjwa wa fibromialjia kikawachoma panya. Panya wakawa wepesi kuumia wakibanwa na wakiguswa na baridi, wakapungua mwendo, nyuzi zao za neva kwenye ngozi zikapungua. Kingamwili za watu wasio wagonjwa hazikufanya lolote, na damu ya wagonjwa iliyoondolewa kingamwili nayo haikufanya lolote. Baada ya wiki chache, kingamwili zilipokwisha mwilini, panya wakapona. Zilikuwa zinajishika kwenye seli zinazozunguka neva za hisi katika vinundu vilivyo kando ya uti wa mgongo, nje ya ubongo kabisa. Baadhi ya watafiti sasa wanaiona fibromialjia kama ugonjwa wa kinga, wengine wanashikilia ubongo. Mimi naona huenda tunaita kwa jina moja magonjwa mawili au matatu yanayoishia kwenye mlango mmoja wa maumivu, na kipimo cha kututenganisha hakijafika kwenye maabara za kawaida.

Ukishaujua utaratibu huu, dawa zinaeleweka. Diklofenaki hupambana na uvimbe, na hapa uvimbe haupo, kwa hiyo kinachopata taabu ni tumbo na figo. Amitriptilini kidogo usiku, miligramu 10 hadi 25, mara nyingi husaidia usingizi na kuongeza nguvu za neva za kutuliza. Ni dozi ndogo kuliko ya kutibu sonona, jambo ambalo lingewatuliza wengi kama wangeelezwa dirishani. Pregabalini hupunguza kemikali za kusukuma maumivu. Duloksetini na milnasiprani huongeza serotonini na noradrenalini. Hizi tatu ziliidhinishwa Marekani kwa fibromialjia kati ya 2007 na 2009, lakini mamlaka ya dawa ya Ulaya ilizikataa kwa matumizi hayo, ikiona faida yake ni ndogo mno. Mwongozo wa mabingwa wa Ulaya wa mwaka 2017 ulipima kila kitu na kuyapa mazoezi peke yake pendekezo la nguvu.

Najua kumwambia mtu anayeumwa mwili mzima akafanye mazoezi kunasikika kama matusi. Mwendo wa taratibu unaofanywa mara kwa mara huamsha kemikali za mwili za kutuliza maumivu na kurudisha usingizi mzito. Mwendo wa pupa siku unayojisikia vizuri hukulaza kesho yake. Maji ya bwawa yenye joto yamefanyiwa utafiti na yanafaa, ila mabwawa ya hapa kwetu yako hotelini, na mshahara wa mwalimu unajulikana. Mimi natembea jioni jua likishapoa, mwendo mfupi, na naongeza kidogo tu kila mwili unapozoea.

La mwisho ni kwa wenzangu waliokwisha kupewa jina hili. Fibromialjia haivimbishi vifundo, haileti homa, haikondeshi, wala haipoozi mguu. Ukiona mojawapo ya hayo, rudi ukapimwe upya hata kama bahasha yako imejaa. Kwa tunaokaa karibu na wafugaji na kunywa maziwa yasiyochemshwa, bruselosisi huleta maumivu ya mwili mzima na uchovu pia, ikiambatana na homa na jasho la usiku, na hiyo ina kipimo na ina dawa ya kuimaliza. Daktari akikuambia "si tayari tunajua una fibromialjia?", mjibu kwa adabu kwamba ndiyo, unayo, na bado unaomba kipimo.